Je, Hasira ni Adui?

Ndugu msomaji, hapana mtoto aliyelelewa katika nyumba zetu za pwani ambaye hakuusikia, tangu angali akibebwa mgongoni na nyanya yake, ule msemo wa maneno mawili: hasira hasara. Huambiwa mtoto aliyevunja kikombe kwa kukasirika. Huambiwa mume aliyetamka neno zito usiku akalijutia asubuhi. Huambiwa mwenye duka aliyegombana na mnunuzi, na mnunuzi akahamia duka la pili. Wala hapana shaka kwamba neno hilo ni la kweli. Lakini ukweli wake una mpaka, na mtu asiyeujua mpaka huo huweza kuligeuza neno la hekima likawa kifuniko cha dhulma. Maana wako pia wanaoambiwa "hasira hasara" na yule yule aliyewadhulumu.

Basi swali letu la leo ni hili: je, hasira ni adui wa mtu, wa kuuawa kila aonekanapo? Au ni mlinzi wa nyumba, anayehitaji kujua wakati wa kubweka na wakati wa kulala? Na akibweka, ni nani mwenye haki ya kumwambia nyamaza? Swali hili nataka tulitazame kwanza mahali tusipozoea kutafuta maadili, nalo ni pafu la mchimba dhahabu.

Buseresere ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Chato, mkoa wa Geita, umeshikana na mji wa Katoro hata mgeni hajui umekwisha wapi mmoja na umeanzia wapi wa pili. Ni nchi ya Wazinza na Wasukuma, lakini dhahabu imeifanya nchi ya kila mtu. Mgodi wa Geita wa zama za wakoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Pembeni ya mgodi huo wako wachimbaji wadogo wengi mno, upande wa Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko, wanaoteremka katika maduara kwa kamba na kupandisha mawe katika viroba. Mawe hayo hupondwa kwa nyundo, kisha husagwa kwa karasha mpaka yawe unga, na unga huoshwa kwa maji, na dhahabu yake hukamatwa kwa zebaki. Wako wanaume shimoni, na wako wanawake juu waponda mawe tangu asubuhi hata jua kuchwa, wengine wao na watoto mgongoni.

Sasa tuseme kijana mmoja ametoka Pangani kwenda huko. Huu ni mfano niliouunda mwenyewe, wala simsemi mtu, lakini si mfano wa mbali na nyumba zetu. Aliyempeleka ni mjomba wake, nduguye mama, ambaye ana karasha lake huko na anatoa mtaji katika maduara mawili. Kijana akafanya kazi kwenye karasha miaka 12. Akaleta bati la nyumba ya baba yake, akalipa ada za wadogo zake, akaoa. Mwaka wa kumi na tatu akarudi nyumbani. Akateremka kwenye basi na begi moja, na njia ya dakika tano kutoka kituoni mpaka mlangoni kwao akaipumzikia mara tatu. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakamwuliza alikuwa akifanya kazi gani, wakamwambia ni vumbi la mawe, na kwamba mapafu yake yamefanya makovu yasiyorudi.

Baba mtu akawaka. Akasema mwanawe ameuzwa kwa kilo kama nazi. Akamwambia mkewe kwamba huyo kaka yake asikanyage tena kizingiti cha nyumba ile, kwa arusi wala kwa msiba. Mjomba naye akasafiri siku mbili kuja kumtuliza. Akasema: "Shemeji, tusivunje udugu. Lililoandikwa limeandikwa. Tushike subira." Wazee wa mtaa wakamwunga mkono mjomba, wakamwona yeye ndiye mpole na baba ndiye mkali. Kijana mwenyewe yuko chumbani, anasikiliza, anakohoa. Na kule karasha bado linasaga, na wapwa wengine wawili wako mbele yake.

Nani amesema haki katika wawili hawa? Kabla hatujahukumu, na tuingie ndani ya kifua cha kijana yule, tuone hasira na upole vinavyofanya kazi humo.

Jiwe lenye dhahabu aghalabu hukaa pamoja na kwatsi, lile jiwe jeupe gumu. Ndani yake mna madini yaitwayo silika, na neno hili lisitutatanishe na silika ya tabia. Kwatsi likisagwa kavu hutoa vumbi. Vumbi linaloonekana si hilo la kuogopwa sana, kwa kuwa pua hulizuia na kikohozi hulitoa. La kuogopwa ni lile lisiloonekana, ambalo chembe yake haifiki sehemu ya mia ya milimita moja. Hilo hupita pua, hupita koo, hushuka mpaka katika vifuko vya mwisho vya pafu, mahali pumzi inapokutana na damu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakilizuii.

Huko chini wako walinzi. Ni seli ziitwazo makrofaji, maana yake walaji wakubwa, na kazi yake ni kumeza kila kisichotakiwa: vijidudu, masizi, seli zilizokufa. Mlinzi akimeza kijidudu humyeyusha, na kazi imekwisha. Lakini chembe ya jiwe haiyeyuki. Mlinzi huimeza, ikampasua kifuko chake cha ndani, naye hupiga kelele na kufa, akaiachia chembe ile ile. Huja mlinzi wa pili akaimeza, yakampata yale yale. Chembe moja yaweza kuua walinzi wengi, nayo ikabaki vile vile ilivyoingia.

Hizo kelele ndizo ninazotaka tuzifahamu. Seli za mwili husemezana kwa barua ndogo sana za protini, ambazo wataalamu wanaziita saitokini. Ziko saitokini za kuchochea, kama ile inayojulikana kwa herufi TNF, na interlukini-1. Zikitoka hizi, mishipa ya damu hufunguka, seli za vita humiminika, na mahali pale hupata moto. Hali hiyo huitwa mchochota. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja alama zake nne: wekundu, uvimbe, moto na maumivu. Kila aliyechomwa na mwiba wa mchongoma anazijua. Mwaka 2008 wataalamu walionyesha kwamba ndani ya makrofaji iko mithili ya kengele ambayo chembe ya silika huigusa, na kengele hiyo ndiyo inayoamrisha interlukini-1 itoke. Kwa maneno mengine, hiyo ndiyo hasira ya mwili, nayo ina sababu, ina mjumbe, na ina njia yake ya kwenda.

Lakini mwili haukuumbwa na hasira peke yake. Ziko na saitokini za kutuliza. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni interlukini-10, iliyogunduliwa mwaka 1989 huko California na Tim Mosmann na wenzake. Mwanzoni waliipa jina la kazi yake: kitu kinachozuia seli nyingine zisitoe saitokini. Ikifika, makrofaji hupunguza TNF, hupunguza interlukini-1, huacha kuwaita wenzake. Na ajabu iliyoje, wanaoitoa si kabila jingine la seli lililokaa pembeni na kutazama. Mara nyingi ni hizo hizo zilizokuwa zikipigana. Mlinzi aliyepiga ukelele ndiye baadaye anayeandika barua ya kusema: inatosha.

Ikikosekana barua hiyo, huwaje? Mwaka 1993 ilitolewa habari ya panya waliozaliwa bila interlukini-10. Hawakuwa na maradhi ya kuambukizwa, lakini matumbo yao yaliwaka mchochota usiokoma. Na walipolelewa panya wa namna hiyo mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, matumbo yao yalisalimika. Maana yake walikuwa wakigombana na vijidudu vya kawaida, vile vinavyoishi katika tumbo la kila kiumbe kama majirani. Jirani hakufanya kosa; aliyekosekana ni wa kusema inatosha. Mwaka 2009 wakajulikana na watoto wa binadamu wenye kasoro ya namna hiyo: barua wanayo, lakini seli zao hazina mlango wa kuipokelea. Watoto hao huugua matumbo tangu uchanga, wakadhoofika vibaya sana.

Hapa tunapata funzo la kwanza, nalo linamwunga mkono mjomba. Utulivu si ukosefu wa hasira tu, kama giza lilivyo ukosefu wa mwanga. Utulivu ni kazi, una watenda kazi wake, na nyumba isiyo nao huungua kwa moto wake yenyewe. Baridi yabisi ya viungo, ile inayopinda vidole vya mama zetu, ni mwili unaovishambulia viungo vyake wenyewe kana kwamba ni wageni. Na sisi tunazijua nyumba zilizo hivyo. Kuna ndugu waliogombania mirathi, minazi ikauzwa, fedha zikaliwa, waliogombana wakazikwa, na watoto wao mpaka leo hawaamkiani, wala ukiwauliza sababu hawaijui. Hiyo ni hasira iliyobaki baada ya sababu yake kwisha. Hiyo ndiyo hasira hasara.

Lakini tusikimbilie kumpa mjomba ushindi. Maana binadamu walipojua kwamba hasira ya mwili huharibu, walitafuta dawa za kuizima, nazo zimewafundisha adabu.

Mwaka 1948 huko Marekani, Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni, na mtu aliyekuwa hawezi kuinuka akatembea. Mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haukupita muda ikaonekana kwamba anayeitumia kwa wingi na kwa muda mrefu mifupa humdhoofu, na maradhi ya kuambukiza humwingia kwa wepesi. Baadaye, mwaka 1998, zikaruhusiwa dawa zinazoikamata TNF yenyewe, na moja kati yake ni infliksimabu. Wagonjwa wengi walipata nafuu kubwa. Kisha mwaka 2001 ikatangazwa habari ya watu 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kuitumia. Sababu yake inafahamika. Kijidudu cha kifua kikuu chaweza kukaa pafuni miaka mingi kimezungukwa na walinzi kama mfungwa, na TNF ndiyo inayowaweka walinzi hao macho. Ukiinyamazisha, walinzi hulala na mfungwa hutoka.

Hata katika maradhi ya Uviko, mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba dawa ya deksamethasoni, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo ya kutuliza, ilipunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja kwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Lakini waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwafaa. Dawa moja, maradhi mamoja. Aliyezidiwa na hasira ya mwili wake ilimwokoa, na ambaye hasira yake ilikuwa bado katika kazi yake haikumsaidia.

Funzo la pili, basi, linamwelekea baba. Hasira ni mlinzi. Mji usio na mlinzi si mji wa amani, ni mji uliokwisha tekwa ila haujapata habari. Na mchimbaji wa dhahabu analihitaji funzo hili kuliko mtu mwingine, kwa sababu pafu lenye vumbi la silika huingiwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko pafu safi. Ukimzimia walinzi wake wote ili apumzike na mchochota, umemfungulia mlango adui wa pili.

Linabaki funzo la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka 1998 wataalamu wa Ubelgiji waliwatilia vumbi la silika mapafuni panya wa aina mbili, wenye interlukini-10 na wasio nayo. Wasio na barua ya utulivu walipata mchochota mkali zaidi, kama ilivyotazamiwa. Lakini walipoyatazama makovu, waliona kinyume: wasio nayo walikuwa na makovu machache, na waliokuwa nayo ndio waliopata makovu zaidi. Ile barua iliyopunguza moto ndiyo iliyosaidia kujenga kovu. Si kila kiungo kina hali hii. Katika ini, interlukini-10 aghalabu husaidia kuzuia kovu. Lakini ndugu yake, saitokini nyingine ya kutuliza inayoitwa TGF-beta, inajulikana kwa tabia hizo mbili kwa pamoja: kwa mkono mmoja huzima vita, kwa mkono wa pili huamrisha kovu lijengwe.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kovu ni sulhu ya mwili na adui asiyeondoka. Mwili ukishindwa kumtoa, na ukichoka kupigana naye, humzungushia ukuta. Ukuta mmoja si kitu. Lakini vumbi ni chembe nyingi zisizo na idadi, na kuta ni nyingi vivyo hivyo, na pafu lililojaa kuta halitanuki. Mtu hufa kwa kukosa pumzi katikati ya hewa tele. Tena maradhi haya, silikosisi, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa kuwa jiwe alilolivuta bado limo. Dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Tulinganishe na maradhi mengine, ambayo ndugu zetu wa Pemba na Unguja wanayajua sawasawa na watu wa ziwa Viktoria. Katika kichocho, kinachoharibu zaidi si mnyoo wenyewe bali mayai yake yanayonasa katika ini au kibofu, na mchochota ambao mwili huyazungushia. Humo pia interlukini-10 hufanya kazi ya kuzuia hasira isipindukie, na hiyo ni sababu moja ya watu wengi kuishi na kichocho miaka mingi bila kuanguka. Lakini yai hufa na kuyeyuka. Mgonjwa akipewa prazikwanteli, mnyoo akafa, mayai mapya hayaji, na akiwahiwa mapema mwili wake huweza kurekebisha sehemu ya uharibifu. Hapo utulivu hufuatwa na kupona, kwa sababu chanzo kimeondolewa. Katika pafu la mchimbaji utulivu hufuatwa na kovu, kwa sababu chanzo kimebaki.

Sasa turudi barazani Pangani.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa hasira katika daraja tatu: pungufu, iliyopindukia na ya wastani. Watu hukumbuka kwamba aliilaumu iliyopindukia, wakasahau kwamba aliilaumu na ile pungufu, kwa kuwa mtu asiyeghadhibika kabisa hawezi kulinda heshima yake wala ya wale walio chini ya himaya yake. Dini imesifu kujimiliki. Lakini kujimiliki ni kumshika farasi hatamu, si kumchinja.

Basi tumtazame mjomba na upole wake. Maneno yake ni mazuri, na udugu ni mkubwa. Lakini upole wake unataka nini? Unataka baba anyamaze hali karasha linasaga kavu vile vile, na wapwa wawili wamesimama kwenye vumbi lile lile. Huu ni utulivu juu ya jiwe. Tena ametaja subira, na subira haikuumbwa kuwa mzigo wa upande mmoja. Subira ni ya kijana yule chumbani, kwa lile ambalo halirudi tena: pafu lake. Hapo ni mahali pake, na atakayeweza kuishika ana daraja kubwa. Lakini kwa lile ambalo bado linaweza kuzuiwa, yaani mapafu ya wapwa wawili, kusema "tusubiri" si subira, ni uzembe uliovaa kanzu. Na jambo hilo likisemwa na anayepata faida katika vumbi lile, ni zaidi ya uzembe.

Tumtazame na baba. Hasira yake ina haki, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kusema kweli pale ambapo wazee wote walikuwa wakitafuta maneno laini. Isingekuwa yeye, kijana angeandikwa katika vitabu vya majaaliwa na karasha lingeendelea kula wengine. Lakini hasira yake imekosea njia. Kumfungia mjomba mlango hakutii maji kwenye karasha. Mlinzi aliyeshika fimbo akampiga kila apitaye uani mwisho hubomoa nyumba aliyowekwa kuilinda, na mke wa nyumba ile, aliye dada wa mmoja na mke wa mwingine, ndiye atakayepasuka katikati kama kile kifuko cha makrofaji.

Wala msomaji asidhani kwamba hasira ya haki haiwezi kufika popote. Afrika ya Kusini walitunga sheria ya maradhi ya vumbi la migodi tangu mwaka 1911. Madhara yalijulikana, lakini mchimbaji mweusi kwa miaka mingi alirudishwa kwao na kifua chake akaambiwa ashukuru. Wachimbaji na wajane hawakurusha mawe, walikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ambayo kwayo makampuni 6 yalikubali kulipa kiasi cha randi bilioni 5 kwa walioumia kazini tangu mwaka 1965. Wengi walikwisha kufa. Lakini hiyo ilikuwa hasira iliyoshika hatamu: haikuzimwa, na haikuunguza. Mchimbaji mdogo wa Geita aghalabu hana kampuni ya kuishitaki, kwani analipwa kwa mgao wa mawe, na tajiri wake ni jirani yake, au, kama katika mfano wetu, mjomba wake. Kwa hiyo mahakama yake ya kwanza ni baraza la jamaa, na baraza hilo lina wajibu mkubwa zaidi, si mdogo.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Bwana, unatuletea seli na panya. Mwili hauna akili wala dhamiri. Vipi uwe mwalimu wa maadili?" Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba mwili si kielelezo cha kufuatwa katika kila jambo. Pafu halina mikono. Likiingiwa na jiwe, halina ila njia mbili: liwake mpaka lijiunguze, au litulie na kujenga kovu. Njia ya tatu, ya kulitoa jiwe, haimo katika uwezo wake. Sisi tumepewa mikono. Tumepewa ulimi wa kumkabili mwenye kosa, na akili ya kujua vumbi linatoka wapi. Mtu aliyepewa njia ya tatu, kisha akachagua moja kati ya zile mbili za pafu, amejishusha mwenyewe mpaka daraja la kiungo kisicho na akili.

Na hiyo njia ya tatu si siri. Jiwe likitiwa maji linapopondwa na kusagwa, vumbi hupungua sana. Karasha likifunikwa na kuwekwa mbali na watu, hupungua tena. Ziko barakoa zilizotengenezwa makusudi kwa vumbi la namna hii. Mtoto hana kazi penye nyundo na mawe. Nguo za kazi hazirudi nyumbani na vumbi lake. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili asikae akinywa chai ya tangawizi akajifariji, aende akapimwe kifua kikuu, kwa kuwa hicho kina dawa hata kama vumbi halina. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi ningekuwa miongoni mwa wazee wa baraza lile, ningemwambia baba: "Ndugu yangu, hasira yako nimeikubali, lakini mpe kazi. Usimwambie shemeji yako asije. Mwambie aje, na aje na jibu." Na mjomba ningemwambia: "Bwana, maneno yako ya sulhu tumeyapokea, nayo yatatimia siku karasha litakaposaga kwa maji, na wapwa zako watakapotoka kwenye vumbi, na matibabu ya huyu mgonjwa na chakula cha watoto wake vitakapokuwa juu yako. Siku hiyo mimi mwenyewe nitakuja kukutanisha mikono yenu. Kabla ya siku hiyo usitutake kunyamaza, kwa kuwa kimya chetu kitakuwa kovu." Kisha, hayo yakishatimia, ningemrudia baba na kumwambia kwa ukali ule ule: "Sasa inatosha." Maana ikiwa chanzo kimeondoka na haki imelipwa, yeye naye akazidi kuwaka, atakuwa amehama kutoka kwa mlinzi wa nyumba na kuwa maradhi yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapomwona mtu ameghadhibika, usianze na "hasira hasara". Anza na kumwuliza: "Jiwe liko wapi?" Ikiwa lipo, msaidie kulitoa. Ikiwa limekwisha toka, msaidie kutulia. Na ikiwa ni wewe uliyelitia jiwe hilo, basi katika watu wote wa mji ule, wewe ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuhubiri utulivu, na wa kwanza mwenye wajibu wa kuinama na kuliokota.

Mwenyezi Mungu awape afueni wenye vifua vizito, awalinde walio katika maduara na makarasha, na atujaalie sisi tuliobaki mabarazani tusiwe wepesi wa kuwanyamazisha.